Mtihani wa Kusahau

Bi Mwanapili wa Kikwajuni hakuwahi kuzaa mtoto wa kufeli, wala hakuwa na nia ya kuanza siku ile.

Binti yake Zuleikha alikuwa na kifafa tangu utotoni. Dawa ilikituliza, lakini maneno yakawa yanampotea. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza watalii mashamba ya viungo, Kizimbani, na juzi alishika iliki mkononi akaiita "hii nanihii". Msimamizi alimpa mwezi mmoja ajirekebishe, au atafute kazi nyengine. Ndipo mama akamburura mpaka kwa Daktari Urvi, Mji Mkongwe.

Daktari alieleza kwamba kumbukumbu haikai pahala pamoja kichwani. Sehemu mbalimbali za ubongo hupelekeana habari, na kifafa huvuruga mawasiliano hayo. Dawa nayo huweza kuongeza usahaulifu. Angempima kwanza, akiona kasoro, angembadilishia dawa.

"Kama majirani walionuniana," alisema Bi Mwanapili. "Mimi na Tabia wa nyumba ya pili hatupelekeani hata chumvi."

Daktari alikubali kwamba ndiyo hivyo hivyo, akamsomea Zuleikha maneno, akampa michoro ya kunakili, kisha akamtaka ayataje yale maneno. Halikuja hata moja. Bi Mwanapili, aliyekaa nyuma ya daktari, aliyashika yote. Akaweka vidole kichwani kama pembe.

Zuleikha, kwa mazoea ya kumtii mama, akasema mbuzi. Mama akapiga paja: ngoma. Akajisugua kwapa: sabuni. Kwenye jogoo nusura awike, akajizuia, akapigapiga mbawa tu.

Daktari akafurahi. Kumbukumbu nzuri, alisema. Dawa ibaki ile ile.

Zuleikha akageuka. "Mama, mwambie ulichokuwa ukifanya."

"Nlikuwa nakusaidia."

"Unanifukuzisha kazi."

Bi Mwanapili alitolewa nje akakalishwa kwenye benchi, na mtihani ukarudiwa kwa maneno mapya. Alitega sikio mlangoni. Aliposikia Zuleikha akikwama, alimuomba Mungu, kwa mara ya kwanza tangu awe mzazi, mwanawe afeli, na afeli sawasawa.

Zuleikha alitoka na cheti cha dawa mpya, meno yote nje.

"Nshafeli, mama. Nimekumbuka manne tu."

"Alhamdulillahi. Na yale mengine yalikuwa yepi?"

Zuleikha alimtazama mama yake kwa huruma. "Ningeyajua, ningefeli?"