Ng'ombe Aliyefuata Majibu Yake

Saa mbili na nusu asubuhi karani wa ofisi ya mifugo alikuwa akifuta meza yake. Ng'ombe akaingia bila kichwa, akasimama kwenye foleni nyuma ya mzee wa kuku.

Karani alimtambua kwa baka jeupe la ubavuni. Alikuwa wa Mama Maziwa, mjane wa mtaa wa nyuma. Majuma matatu kabla, ng'ombe huyo alianza kuzunguka palepale zizini, kisha akaegemeza paji la uso ukutani mpaka akafa. Bwana Mifugo alisema ni virusi vya ubongo, ugonjwa adimu, na kichwa lazima kipelekwe maabara. Akakikata mwenyewe, akakitia kwenye friza ya ofisi.

Kilikuwa bado humo, chini ya chupa za soda. Fomu ya kukisafirisha ilitaka saini ya mkuu, na mkuu alikuwa semina.

"Amefuata majibu," karani alisema.

"Mwambie bado," Bwana Mifugo alijibu.

Karani akamwambia, asijue amtazame wapi.

Tangu hapo ng'ombe alikuja kila siku ya kazi. Hakuna aliyemsumbua. Mzee wa kuku tu ndiye aliyenung'unika kwamba anachukua nafasi ya watu wanne.

Juma la pili Mama Maziwa alikuja mwenyewe. Alimpapasa ng'ombe wake mgongoni kwanza.

"Bwana Mifugo, mtamba wangu, bintiye huyu, ameanza kuzunguka. Nipe dawa, baba."

"Dawa haitoki bila majibu, mama."

"Na majibu?"

"Hayatoki bila saini."

"Jamani, si kichwa kipo hapo?"

"Kipo. Tena kimehifadhiwa vizuri sana, ondoa shaka."

Mama Maziwa alilia. Mtamba yule alizaliwa mikononi mwake mwaka aliomzika mumewe, na sasa ndiye pekee aliyebaki zizini. Karani alimwonea uchungu, akamletea kiti.

Jumatano Bwana Mifugo alitoa soda zote kwenye friza ili kupata nafasi ya kichwa cha pili. Mkuu alikuwa amerudi, akaenda semina nyingine.

Alhamisi asubuhi karani aliwakuta wawili mlangoni, mdogo amejibanza ubavuni mwa mama yake. Jua lilikuwa kali tayari. Aliwafungulia kabla ya saa, akawasogezea ndoo ya maji. Kisha akakumbuka, akaiondoa.