Amplifaya Chini ya Kitambaa cha Mgeni

Likizo ya Agosti, mwaka wa 1979, amani ya mji wa Kitui ilivunjwa na amplifaya mbili za kukuzia sauti ya muziki.

Ya kwanza ilikuwa ya Mulei, fundi wa redio, aliyeiunda kwa mikono yake kwa miaka mitatu. Ilitumia valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka kama makaa, na nguvu yake ilikuwa wati kumi na tano. Ya pili ililetwa na shemeji yake Kivuva, dereva wa ubalozi aliyetoka Ujerumani juzi: wati mia mbili, rangi ya fedha, na vitufe ambavyo yeye mwenyewe hakujua kazi yake.

"Shemeji, hii yako ni jiko," Kivuva alisema. "Ipeleke ghalani ikakaushe mahindi. Mimi nitakuachia yangu hapa sebuleni."

Ndugu wa mke hajibiwi, huongezewa chai. Mulei akamwongezea chai, ikafurika hadi kwenye kisahani.

Binti yake Mbinya aliiona chai ile. Alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, ambako alikuwa ameadhibiwa mara saba tu kwa makosa ishirini na mawili. Alijua kwamba mashine ya baba yake ikiingia ghalani, hataunda nyingine maishani.

"Mjomba," alisema, kwa unyenyekevu ambao ungewatia hofu walimu wake wote, "si tuzishindanishe? Kwa masikio tu. Itakayoshindwa, mwenyewe aibebe kwa kichwa hadi ghalani."

Kivuva alicheka hadi akamwaga chai. "Kwa kichwa! Shemeji, tafuta kata ya kichwani mapema!"

Jumamosi mashine zikawekwa pembeni mwa sebule na kufunikwa kwa matenga mawili ya vifaranga, yanayofanana kama pacha, ili valvu zipate hewa na macho yakose kazi. Mulei alizilinganisha sauti kwa mita yake, isiwepo ya kuishinda nyingine kwa kelele. Spika zilikuwa zilezile, na Mbinya ndiye angehamisha nyaya. Wa kusikiliza pamoja na Kivuva alikuwa Mzee Shee, muuza vitambaa, ambaye wazee wake walitoka pwani wakiwa na santuri nyingi kuliko mizigo.

Wageni walikuwa bado nje mama yake Mbinya, Syokau, alipoingia akashika kiuno.

"Matenga yasiyofunikwa mbele ya wageni? Watu waseme tunafuga kuku sebuleni? Baba Mbinya, ya kaka yangu ni ipi?"

Mulei, ambaye hajawahi kumficha mkewe kitu, alionyesha. Tenga la kaka likavikwa kitambaa kipya cheupe chenye maua mekundu. La mume likapewa kile cha zamani kilichoungua kwa pasi.

Mbinya aliona maafa. Toka Migwani hadi Kasikeu, kipya ni cha mgeni: kikombe, kiti, shuka. Kivuva alilelewa hivyo. Angeyatupia matenga jicho moja, na masikio yangestaafu.

Kabla hajatoa neno, wageni waliingia. Kivuva alipangusa viatu mlangoni, macho chini, akavua kofia akasema, "Tuombe."

Na maombi ya Kivuva hayakuwa mafupi. Alianza na viongozi wa nchi. Alipofika kwa wagonjwa, Mbinya alikuwa ameshabadilisha vitambaa. Msichana alipoinua uso, alikutana na macho mawili yaliyo wazi kabisa. Mzee Shee, aliyekuwa Mwislamu, kwa heshima zote alikuwa akisubiri jirani zake Wakristo wamalize.

Mzee Shee akageukia dirisha kwa utulivu mkubwa.

Santuri ya Mzee Shee ikapigwa, tenga moja kisha jingine. Kivuva alifumba macho, lakini si yote mawili.

"Hapo!" alipaza sauti maua mekundu yalipopata zamu. "Sikia fidla hiyo! Sikia mwimbaji anavyovuta pumzi! Hiyo ndiyo mashine. Ile nyingine ni bati."

"Mjomba una hakika?"

"Niapishe!"

Mbinya akainua tenga. Valvu zilikuwa zikiwaka kama makaa.

"Umenichezea, msichana wewe!" Kivuva alifoka. "Mzee Shee, hukuona?"

"Mwanangu," akasema Mzee Shee, "mimi niliitwa kusikia."

Kivuva alidai shindano lirudiwe. Safari hii dada yake alimfunga leso machoni, akakaza. Zikapigwa tena, kwa mpangilio asioujua. Alisikiliza muda mrefu, bila mzaha, kisha akanyoosha vidole viwili.

"Ile ya pili, inayopumua."

Alipofunguliwa macho, nyaya zilikuwa bado kwenye kazi ya Mulei.

Ahadi ni deni. Kivuva alijitwika wati mia mbili, waya ukiburuzika nyuma yake kama mkia wa mbuzi, akavuka ua hadi ghalani huku majirani wakipiga vigelegele bila kujua sababu. Aliporudi, alisimama mbele ya Mulei.

"Shemeji, utaniundia yangu?"

"Nitakuundia," Mulei alisema, na safari hii chai aliyommiminia haikufurika.

Syokau akaokota kitambaa kilichoungua akakifanya cha kufutia meza ya sebuleni. Kile cha maua mekundu alikikung'uta, akakitandika juu ya meza ile, na juu yake akamwamuru mumewe aiweke amplifaya.