Maelekezo ya Sauti kwa Mzee Asiyesikia

Mkwe wangu ni mtaalamu. Anatengeneza zile kurasa za kompyuta zinazomshika mtu mkono anapoweka programu mpya: bonyeza hapa, subiri, endelea. "Mama," aliniambia, "hii yangu hata mtu wa kawaida ataiweza." Nikaelewa kwamba mtu wa kawaida ni mimi na mume wangu.

Mume wangu ni fundi cherehani, na masikio yake yalistaafu kabla yake. Hospitali walimpa vifaa viwili vya masikioni, vidogo kama punje za maharage, ila bila programu ya kuviamsha, ambayo kurasa zake alizitengeneza mkwe, vilikuwa mapambo tu.

"Leo vikigoma navirudisha," akasema. "Nimechoka."

Nami nilikuwa nimechoka kupiga kelele ndani ya nyumba yangu kama mwamuzi wa mpira. Kuna mambo ya mke na mume ambayo hayasemeki kwa kelele, hasa nyumba ikiwa na mgeni.

Tukaweka kompyuta juu ya meza ya kukatia nguo, kati ya mkasi na kola za mashati. Mkwe akakaa pembeni, mikono kifuani. Bosi wake alimtuma atazame tu, asisaidie.

Mzee akavaa vifaa, akabonyeza. Kioo kikawa cheupe, kisafi, na duara moja la kijani katikati. Kisha sauti tamu ya mwanamke ikasema, "Karibu! Sikiliza maelekezo kwa makini."

Mzee akalitabasamia duara, akasubiri.

"Maandishi yako wapi?" nikamuuliza mkwe.

"Tumeyaondoa, mama. Utafiti umeonyesha watu hawapendi kusoma."

"Na wasiosikia mliwauliza?"

"Hao tuliwapigia simu. Hawakupokea."

"Ukisikia mlio, gusa duara," ikasema ile sauti. Mlio ukalia. Mzee akapiga miayo. Kwa huruma nikamgusia mimi. Ukalia mwingine, nikagusa tena, hadi mwisho.

"Hongera! Masikio yako ni mazima. Huhitaji msaada." Na vifaa vikajizima.

Mzee akauona uso wangu. Akavivua, akafungua kiboksi avirudishe.

Hapo mkwe akamsahau bosi. Akanyakua chaki ya fundi, akaandika kwenye karatasi ya kuchorea mashati, herufi kubwa: MLIO UTAANZA MDOGO, UTAKUA. UKIUSIKIA, GUSA DUARA. MAMA ASIGUSE.

Mzee akasoma, akavaa vifaa, wakaanza upya. Akatulia. Akatulia mpaka nikakata tamaa. Kisha kidole chake kikanyanyuka, kikagusa duara.

"Umesikia?" nikamfokea sikioni, kama kawaida yetu.

Akaruka, nusura aangushe cherehani. "Mke wangu! Kelele za nini?"

Mkwe akaipiga picha ile karatasi ampelekee bosi. Nasikia huko ofisini wanauita uvumbuzi.

Mimi nikavuta kiti karibu na mume wangu, nikaitafuta sauti yangu ndogo, nikaipata.

"Huyu dada yako aliyekuja kutusalimia," nikaanza taratibu, "anaondoka lini?"

Mzee akainamia cherehani, akajifanya hajasikia.

Nikamgeukia mkwe. Akasema hilo, mama, programu yao bado haijalifikia.