Wiski Iliyomwita Kijiko

Baa ilikuwa haijafunguliwa wakala wa vinywaji alipobisha mlango wa nyuma, chupa kwapani. Viti vilikuwa bado vimepinduliwa juu ya meza, na sakafu ilinuka dawa ya kudekia. Mwenye baa, mjane wa makamo asiyependa kupotezewa muda, alimfungulia huku akijifuta mikono kwenye aproni.

"Mama, leo nimekuletea kitu cha maana," wakala alisema. "Wiski ya Uskoti, singo molti. Shayiri tupu, kiwanda kimoja. Na bei yake haimfukuzi mtu."

"Mkisema hivyo, huwa ladha ndiyo inayotufukuza."

Wakala alicheka, akamimina kidogo katika glasi mbili na kutia tone la maji kila moja. Alimwonyesha jinsi ya kuizungusha taratibu na kuinusa kabla ya kuigusisha ulimi. Kisha akatangulia kuonja, macho kayafumba.

"Asali," alisema. "Tufaha lililoiva sana. Halafu moshi, kwa mbali, kama..."

Uso ulimlegea kama wa mtu aliyepitiwa na usingizi. Aliposema tena, sauti ilikuwa nzito, ya polepole.

"Kijiko, mbona umekata nywele?"

Mwenye baa alisisimka mwili mzima. Jina hilo aliitwa na mtu mmoja tu duniani, marehemu mumewe, aliyemfuma jikoni mwanzo wa ndoa yao akilamba sukari kwa kijiko. Hakuwahi kulitamka mbele ya watu. Na nywele, mjane alikuwa amezikata baada ya mazishi.

"...kama kuni zilizozimwa," wakala alimalizia, akafumbua macho. "Unaionaje, mama?"

"Umesema nini hapo katikati?"

"Asali, tufaha, moshi. Kwani nimekosea?"

Mwenye baa alimwambia aiache chupa, atampa jibu. Alipoondoka, mwenye baa alimwaga glasi yake kwenye sinki bila kuionja.

Alasiri alikuja wifi yake, dada wa marehemu, muuguzi, akitoka kazini bado na sare yake. Mwenye baa hakumweleza lolote. Alisimama nyuma ya kaunta, akamsogezea glasi.

"Wifi, tangu lini unanikirimu vya Uskoti?" Muuguzi alipiga funda dogo, akakunja uso. "Inachoma. Lakini nyuma yake kuna utamu..."

Uso wake ukalegea vilevile. Safari hii mwenye baa alikuwa amejiandaa.

"Uko wapi?" akauliza kwa kunong'ona.

"Nyuma yako," sauti ikajibu. "Sijatoka."

Hakugeuka. Alishikilia ukingo wa kaunta, akihisi baridi shingoni, mpaka wifi yake alipopepesa macho na kuendelea kusifu ule utamu. Hapo ndipo alipomsimulia yote. Alidhani atachekwa, lakini muuguzi alitokwa na machozi.

"Mimi nikinywa sisikii kitu," alisema. "Kunywa wewe, nami nimsikie. Ni kaka yangu. Nitakuambia yote, neno kwa neno."

Mwenye baa akanywa. Ilikuwa asali kweli, na tufaha, na ule moshi ukija taratibu. Aliipenda. Alikuwa hata anawaza ataiweka rafu ipi.

Alipoinua macho, wifi yake hakuwa tena kwenye stuli. Alikuwa amesimama mlangoni, mkoba kaukumbatia kifuani. Jua lililokuwa mezani lilikuwa limepanda ukutani, na chupa ilikuwa imepungua nusu.

"Amesemaje?"

"Anakusalimia."

"Muda wote huo, salamu tu?"

Muuguzi hakumtazama usoni. Macho yake yalitua juu kidogo ya bega la mwenye baa, yakahama haraka. "Wifi, leo utalala kwangu. Usichukue kitu. Twende tu."

Mwenye baa hakubishana. Alipita kati ya meza bila kutazama nyuma, na wifi yake akamvuta mkono kama anavyovutwa mtoto barabarani.

Kwa siku kadhaa alimdadisi, na kila mara muuguzi alizuga kwa chai au habari za wodini. Mwishowe, wakikunja nguo sebuleni mchana kweupe, aliliweka shuka chini.

"Aliniomba nikutoe mle ndani," alisema. "Nikamwambia, njoo basi na wewe. Akasema hawezi, wanamshika. Hayuko peke yake, wifi. Wengine nao waliongea, kwa kinywa chako hichohicho, wote kwa pamoja. Walikuwa wanauliza jina langu."

"Uliwaambia?"

"Kaka ndiye aliyewanyamazisha kabla sijajibu."

Mwenye baa alilia kwa muda mrefu, kwa hofu na kwa kumkumbuka mumewe. Kesho yake alimpelekea mwenye jengo funguo nyumbani kwake, akasema biashara imemshinda. Wakala alipompigia simu kuulizia wiski, alimjibu ukweli kwamba ni nzuri, akamsihi asirudi kuifuata ile chupa.