Kutu ya Jambia la Itagaki

Itagaki Yasunori alinipigia simu kutoka Niigata wiki moja kabla ya siku ya arobaini na tisa tangu kifo cha kaka yake. Alitaka niwepo sala zikiisha, nilifungue jambia la ukoo mbele ya watu wote, ndipo alichukue. Alilisema hilo kwa adabu. Maana yake niliielewa: asije mtu akadai baadaye kwamba bapa lilibadilishwa.

Mimi ni mchonga ala za majambia. Sikufundishwa na mtu. Baba yangu alitengeneza viatu vya mbao, nami nilijifunza kwa kupasua ala kuukuu na kutazama zilivyochongwa kwa ndani. Hapa Murakami tulikuwa wawili tunaojua kazi hii. Sasa nimebaki peke yangu. Jambia lile nililijua tangu marehemu, Seizo, akiwa kijana. Bapa lake lilikuwa shubiri moja na ushei, limenyooka. Ala ilikuwa nyekundu, imepakwa rangi tabaka juu ya tabaka hata ikang'aa kama maji. Mpini ulivikwa ngozi ya samaki taa, na juu yake walikuwapo ndege wawili wa dhahabu, wadogo kuliko punje ya mahindi, wakiruka juu ya mawimbi. Alama ya ukoo ilichorwa karibu na mdomo wa ala.

Fumiyo, mjane, hakujaliwa mtoto. Aliomba kitu kimoja tu katika mali ya mumewe: akae na jambia mpaka afe, kisha lirudi kwa wakwe zake. Yasunori alikataa. Alisema mtu anayeishi peke yake hufa bila taarifa, na vitu vyake huishia kwa wachuuzi. Sikumwona mbaya. Vitu kama hivyo nimevikuta kwa wachuuzi mara nyingi.

Siku yenyewe theluji ilianguka tangu asubuhi. Kasisi wa Kibuddha alisoma, akala, akaondoka mapema kwa sababu ya barabara. Tukabaki sita mezani: mjane, Yasunori na jamaa zake watatu, nami. Yasunori alikuwa mchangamfu kwa sake kidogo, pombe ya mchele, akamtania mjane kwamba samoni wake ana heshima kuliko samoni wa Niigata, kule wanawapasua tumbo lote bila haya. Hapa kwetu, mji wa ngome, kipande cha katikati ya tumbo huachwa bila kukatwa. Hatupendi samaki atukumbushe namna mabwana wa zamani walivyojiua kwa kujipasua tumbo. Watu walicheka. Fumiyo naye alitabasamu, akaongeza wali bakulini mwa shemeji yake.

Kisha nikatandika kitambaa. Nilisukuma nje kijiti cha mwanzi kinachoshika mpini, nikalishika jambia kwa mkono wa kushoto na kujigonga kifundo cha mkono kwa ngumi ya kulia, kama tunavyofanya. Mpini ukalegea. Nikauvuta.

Sehemu ya chuma inayojificha ndani ya mpini haisafishwi kamwe. Bapa hufutwa na kupakwa mafuta ya karafuu, lakini huko chini kutu huachwa, maana ndiyo umri wa kitu. Wakaguzi huisoma kama mtu anavyosoma uso. Mtoto wa nyumba yenye upanga hulijua hilo kabla hajajua kuandika.

Chuma nilichokishika kiling'aa kama kijiko kipya. Mikwaruzo ya msasa ilionekana wazi. Jina la mhunzi, lililochongwa miaka mia tatu iliyopita, lilikuwa limefifia kama maandishi ya sarafu iliyochakaa.

Yasunori aliuliza, kwa sauti ya chini, nani kafanya hivi.

"Mimi," Fumiyo alijibu. "Kulikuwa na kutu, shemeji. Nikaona aibu uondoke na kitu kichafu."

Yasunori alinigeukia. Aliuliza kama kuna dawa ya kuirudisha kutu. Nilimwambia wapo wanaojaribu, lakini mkaguzi hadanganyiki, na bila kutu ile bapa halina thamani tena. Akakitazama kile chuma. Nilidhani atapiga kelele, lakini alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Kaka alioa msugua sufuria," alisema. "Haya, shemeji. Baki nalo. Ukatie figili."

Akachukua ala nyekundu, mpini na ndege wake, akavifunga katika kitambaa cha hariri. Alama ya ukoo ilikuwa pale, hiyo hakuiacha. Bapa likabaki tupu juu ya meza, kati ya mabakuli. Wenzake walimfuata nje bila kuaga vizuri.

Mimi nilibaki, kwa kuwa bapa haliachwi hivyo. Nililipaka mafuta, nikalifunga kwa karatasi. Fumiyo alikuwa akikusanya vyombo. Alipofika upande wangu akasimama.

"Nilijua, fundi," alisema.

Nililiweka bapa chini.

"Miaka thelathini na minane nimekaa kando ya hilo jambia. Nisijue kutu? Nilinunua msasa dukani kwa Saruwatari, nikasugua siku mbili."

Nilimuuliza kwa nini alilitaka kiasi hicho. Aliketi kwanza. Aliniambia kwamba kila Jumapili ya kwanza ya mwezi Seizo alilitoa kulifuta, na yeye alikaa mbele yake kumshikia kitambaa. Wote wawili walibana karatasi iliyokunjwa katikati ya midomo, ili pumzi isiloweshe chuma.

"Mume wangu ulimjua. Akifungua mdomo, ni lawama: chai, mlango, mama yangu. Siku hiyo alikuwa hawezi. Nusu saa nzima ananitazama tu, na mimi namtazama. Nisingeweza kumpa Yasunori nusu saa hiyo."

Nimelifikiria jambo hilo tangu wakati ule. Kuna siku naona aliua kitu kisicho chake, na kuna siku naona hivyo sivyo. Sijafika mwisho.

Nilimchongea ala nyeupe ya mti wa honoki, isiyo na rangi wala pambo, vipande viwili vilivyogundishwa kwa wali uliopondwa. Mbao ilikuwa imekauka ghalani mwangu miaka kumi na moja. Alikuja kuichukua mwezi wa tatu. Ni desturi kuandika kwa wino juu ya ala kama hiyo: mhunzi nani, zama gani, nani mwenyewe. Nilisaga wino, nikamuuliza niandike nini. Alifikiri, akasema niache. Nikaosha brashi.

Nilimuuliza pia kama shemeji yake amepiga simu. Alisema hapana.

Mwezi wa nane, siku za kuwapokea wafu, nilikwenda kuosha kaburi la wazazi wangu. La akina Itagaki liko safu mbili mbele. Fumiyo alifika saa moja asubuhi na ndoo na maua. Jiwe lilikuwa limekwisha oshwa, bado lina maji. Vyombo vyote viwili vya maua vilikuwa vimejaa. Uvumba ulikuwa umeungua hadi nusu.

Alisimama na maua yake mkononi, akatazama njia inayoteremka kwenda stesheni. Haikuwa na mtu.

"Shemeji ameamka mapema," aliniambia.

Kisha akayalaza maua chini, pembeni ya jiwe, akamwaga maji ya ndoo kwenye majani.