Mgongo wa Jiwe

Mikono minne ilishika machela ya mbao, na juu yake lilikuwa jiwe lenye nakshi ya majani upande mmoja tu. Kanuni ilikuwa wazi: kitu kinachotolewa mnarani hupelekwa makumbusho kwa miguu na watu wawili, mmoja wa mnara na mmoja wa makumbusho, bila kuwekwa chini njiani, na wote wawili hutia sahihi. Siku hiyo mtu wa mnara alikuwa fundi mwashi. Mtu wa makumbusho alikuwa mtafiti, dada yake wa tumbo moja. Hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya baba yao.

"Punguza mwendo, Mtaalamu," alisema kaka mtu kutoka nyuma. "Jiwe halina ndege ya kuwahi."

"Wewe ongeza wako."

"Limekaa ukutani miaka mia sita. Si ndivyo ulivyoandika?"

Ndivyo mtafiti alivyoandika. Kitabu chake kilikuwa kimekadiria umri wa mnara kwa nakshi hiyo, na ukumbi mpya wa makumbusho ungefunguliwa kesho yake kwa hesabu hiyohiyo. Mvua ilikuwa imelegeza jiwe, fundi akalishusha.

"Mgongoni umepaona?"

"Nitapaona mezani."

"Kuna mikato mitatu ya patasi."

Mtafiti alisimama ghafla, machela ikayumba. Mtoto yeyote wa mwashi alijua maana yake. Fundi akibadilisha jiwe bovu, hukata mistari mitatu mgongoni mwa jipya ili fundi ajaye asidanganyike. Mgongo hukaa ndani ya ukuta, mahali ambapo kamera haifiki.

"Tuliweke chini."

"Kanuni hairuhusu, mheshimiwa."

"Weka!"

Machela ilitua, na mtafiti akapenyeza vidole chini ya jiwe. Mkato mmoja, wa pili, wa tatu, yote imelalia upande usio wa kawaida. Baba yao alikuwa akitumia mkono wa shoto.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu baba alipolikata, nikimsaidia. Kisha kitabu chako kikatoka. Miaka kumi na tisa nacheka peke yangu kama mwehu."

"Ukanyamaza."

"Uliniuliza? Ulipima mnara wiki tatu. Ukawa unanipita pale ngazini kama unapita ndoo."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na hakulipinga. Kitabu kilishukuru watu arobaini na mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika patasi.

"Sasa sikiliza, dada." Sauti ya fundi ililainika, na ulaini huo ulimtisha kuliko kejeli. "Lilaze chali, mgongo chini. Mimi natia sahihi, wewe kesho unakata utepe wako. Tutajua sisi wawili tu."

Mtafiti alimtazama usoni. Aliona mtu anayejua kusubiri, na ambaye angeweza kusubiri miaka mingine kumi na tisa.

"Nyanyua," alisema.

Karani wa makumbusho alikuwa tayari mezani na daftari lake. "Tulilaze chali, mama?"

"Kifudifudi."

Karani aliona mikato, akainua macho. "Kwenye umri niandike nini?"

"Futa ule wa zamani. Kwenye fundi, andika jina la baba yetu." Akamgeukia kaka yake. "Mwaka?"

Fundi alikuwa ameshashika kalamu ya kutia sahihi. Akaiweka chini. 

"Ulipokuwa chuoni. Nyumbani huji, barua za baba hujibu."

"Hiyo ni miaka minne," alisema mtafiti. "Upi?"