Kijiko cha Kuvunjia Kimya

Kuongoza mafungo ya mapadre ni kama kuchunga mbuzi sokoni. Waumini wa kawaida ukiwaambia wanyamaze, wananyamaza. Wengine huogopa hata kupiga chafya. Sasa mwambie padre anyamaze. Atakuitikia kwa unyenyekevu, "Sawa, Mzee," na baada ya muda utamkuta nyuma ya tangi la maji anasimulia mpira kwa mikono na miguu. Nimeongoza mafungo katika nyumba hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na kila mwaka mapadre wenzangu walinishinda.

Ndiyo maana mwaka huu, nilipowaona wamenyamaza kweli, nikadhani nimekuwa mtakatifu.

Nyumba yetu ya mafungo ipo mwisho wa barabara ya vumbi. Ina vyumba vya kitanda kimoja na meza moja, kikanisa kinachovuja upande wa kwaya, ukumbi wa chakula, na jiko lenye mlango wa nyuma. Mlango huo wa jikoni naupenda kuliko wa kikanisani. Mungu anisamehe, ingawa nadhani ameshanizoea. Ukitoka hapo njia inateremka katikati ya mahindi, inavuka kijito juu ya magogo, kisha inapanda kilima mpaka kwenye jiwe tambarare ambalo ndilo parokia yangu halisi. Kila siku ya Mungu naitembea njia hiyo. Ng'ombe wananijua. Mbwa wa jirani walishachoka kunibwekea.

Kimya cha mafungo hapa kina tundu moja tu. Anayefunga haruhusiwi kusema na mtu, isipokuwa na mimi, tena njiani tu. Kila mmoja ana zamu yake ya matembezi. Nilijifunza zamani kwamba mtu akikaa mbele yako kitini anakuletea dhambi zilizopigwa pasi. Mtoe nje, akanyage matope, aheme kilimani, utasikia yaliyomleta. Halafu siku ya mwisho, wakati wa chakula cha mchana, kiongozi hugonga glasi kwa kijiko na kusema, "Semeni." Kabla ya kijiko hakuna anayefungua mdomo, awe askofu, awe mpishi.

Nilikuwa nimemwomba Baba Askofu mpya kitu kimoja: aniache nizeekee hapa. Magoti yamechakaa, sikatai, lakini yanaijua njia. Akanijibu, "Tutaliombea," neno ambalo sisi wenye kola tunalitumia tukitaka mtu aondoke ofisini kwa amani. Uhamisho wa mapadre husomwa baada ya mafungo. Kwa hiyo jibu langu lilikuwa linakuja na wageni hawa, ndani ya mfuko wa mmoja wao, na nilimjua ni nani.

Tulimwita Mkia. Alipokuwa mseminari nilimtembeza hapa, naye siku zote alibaki nyuma kabisa ya msafara kwa kuogopa ng'ombe. Nilimbatiza, nikamfundisha, nikamsimamia alipopewa upadre. Sasa ni Makamu wa Askofu, ana gari lenye vioo vyeusi na viatu ambavyo havijawahi kuona kinyesi cha mnyama yeyote. Nilipomwona anashuka garini nilifurahi. Kama habari ingekuwa mbaya, nilijiambia, wasingemtuma mwanangu.

Kimya kikaanza. Na kilikuwa kimya cha ajabu. Paroko mmoja wa mjini, bingwa wetu wa mpira, nilimkonyeza makusudi kwenye korido. Akainamisha macho kama bikira. Nyuma ya tangi hakukuwa na mtu. Mtu fulani alinibebea kiti changu kikanisani. Mwingine alinioshea kikombe. Nikipita, wananifungulia mlango. Hata mpishi wetu, niliyempa jina la Redio kwa kuwa haijawahi kutokea akazimika, aliniwekea sahani mezani akageuka mbiombio kurudi jikoni.

Mimi nikaona ni matunda ya mahubiri yangu. Nikazidi kuhubiri juu ya kimya, nikapendeza, nikajisikia. Kulikuwa na mahali nilipotua katikati ya sentensi ili utamu uwaingie, na padre mzee wa pembeni akafuta machozi. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote. Sikujua kwamba alikuwa ananililia mimi.

Njiani napo walikuja mmoja mmoja kwa zamu, wakatembea, wakatazama mahindi. "Una lolote?" nawauliza. "Niombee tu, Mzee." Mahindi hayajawahi kutazamwa hivyo.

Mkia alijiweka zamu ya mwisho kabisa, asubuhi ya siku ya kufunga mafungo. Lakini tulipotoka mlango wa jikoni, akatangulia.

"Leo umekuwa kichwa," nikamtania. "Ng'ombe wamepungua, au wewe ndiye umenenepa?"

"Mzee, bado una maneno."

"Ninayo gunia zima, na wenzako wote wamekataa kulipokea. Haya, sema. Askofu kasemaje?"

Alifika kwenye magogo akasimama. Akafuta kiatu kwenye nyasi, kile ambacho hakikuwa na tope.

"Tutembee kwanza, Mzee."

"Mimi natembea. Wewe ndiye umeota mizizi."

"Imeonekana," akasema akikitazama kijito, "kwamba ni vizuri upumzike."

"Nani kawaambia nimechoka?"

"Kuna chumba kimeandaliwa nyumba ya mapadre wazee, mjini. Kizuri, kina bafu humohumo. Hospitali iko karibu. Na kuna ua mkubwa, utakuwa unazunguka."

Ule ua naujua; nilikuwa nakwenda kumwona rafiki yangu kabla hajafa. Una mabenchi ya saruji na vyungu vya maua, na ukuta wenye vipande vya chupa juu. Rafiki yangu alikuwa anauzunguka akiwa na kandambili, akifika kwenye chungu kilichopasuka ananiambia, "Hapa ndipo mtoni."

"Na hapa?"

"Hapa patakuwa kituo cha semina. Makampuni, harusi, mikutano. Lazima nyumba ijitegemee, Mzee, unajua hali. Huku nyuma tutasawazisha, magari yapate pa kuegesha."

"Magari juu ya njia yangu."

"Njia ya jimbo, Mzee." Alilisema kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto katekisimu.

"Mmeamua lini?"

"Kwenye kikao cha mapadre. Kile cha mwezi uliopita."

Kikao kile sikwenda. Kuna mtu alinipigia simu kwa mapenzi makubwa, akaniambia nisijisumbue na safari, hakuna la maana, niyapumzishe magoti. Nilimshukuru sana. Nilimwita mwanangu.

Niligeuka nikaitazama nyumba kule juu. Kwenye dirisha la ukumbi vivuli vilijiondoa upesi.

"Kwa hiyo wote hawa wanajua."

"Tulikubaliana wasikuharibie mafungo."

"Na Redio?"

"Ilibidi tumweleze, kwa ajili ya maandalizi."

Nikacheka. Nacheka vibaya nikiumia; nimekuwa hivyo tangu utotoni, na nilishachapwa sana kwa ajili hiyo. "Niambie moja tu, mwanangu. Hili wazo alilitoa nani?"

Mkia aliniangalia kwa mara ya kwanza. Kisha akainua kidole, akakiweka juu ya midomo, taratibu, kama nilivyomfundisha mwenyewe alipokuwa kijana mwembamba anayeogopa ng'ombe.

"Mzee," akanong'ona, "tuko kwenye kimya."

Tukarudi. Yeye mbele, mimi mkiani.

Chakula cha mchana kilikuwa cha kuaga: nyama, wali, soda. Nilikaa kwenye kiti changu cha mwisho wa meza, glasi kulia, kikombe cha chai na kijiko pembeni yake. Walikula wakinitupia macho. Nilielewa wanachosubiri. Nikigonga tu, yatamwagika yote: Mzee hongera, Mzee tutakuja kukuona, Mzee umetulea. Hotuba ilishaandaliwa, niliona karatasi kwenye mfuko wa shati la yule paroko wa mpira.

Nikakishika kijiko. Meza nzima ikaacha kutafuna.

Nikakitumia kukorogea chai.

Halafu nikanywa chai yangu, nikafuta mdomo, nikachukua fimbo na kofia, nikatoka kwa mlango wa jikoni. Redio alikuwa anasugua sufuria. Alifungua mdomo, akaufunga. Hakuna aliyenifuata. Niliwaacha wamefungwa kwa sheria yao na yangu, na kushuka kote katikati ya mahindi nilijisikia kijana. Kaeni humo, nilisema kwa sauti, na ng'ombe mmoja akageuka. Kaeni mpaka muozee.

Nilikuwa nimefika kwenye jiwe nilipoanza kusikia magari. Moja liliwaka, likafuata lingine, milango ikabamizwa, na vumbi likanyooka barabarani kuelekea mjini. Walikuwa wanaondoka bila kungoja kijiko. Hakuna hotuba, hakuna kumshika mzee mkono na kutafuta neno la kumwambia usoni. Nilikuwa nimewaepusha na jambo gumu kuliko yote waliyokuja nayo. Nilidhani nawaadhibu, kumbe nawapa ruhusa.

Nilikaa juu ya jiwe mpaka vumbi likatulia, kisha nikateremka. Magoti yalilalamika kote njiani, nikayaambia yanyamaze, yaige mapadre.

Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa.

Nikasukuma. Nikasukuma tena kwa bega. Katika miaka yangu yote hapa mlango ule haujawahi kufungwa mchana. Ikabidi niizunguke nyumba, nipite mbele kama mgeni, na buti zangu zikaacha matope kwenye sakafu iliyopigwa deki.

Redio alikuwa ukumbini, amesimama kando ya meza chafu, mikono ndani ya aproni. Alinionyesha glasi yangu kwa kidevu. Maskini, alikuwa bado anafunga. Katika nyumba nzima ni yeye peke yake aliyekuwa amebaki kwenye kimya changu.

Nikachukua kijiko, nikagonga.

"Sema."

"Ufunguo kachukua Mkia," akasema. "Alikuja jikoni akanyoosha mkono hivi. Hakusema chochote. Nikampa, akafunga mlango." Akavuta pumzi. "Sasa mimi, Padre, kwa kimya chako hiki, ningemuuliza vipi?"